Leza kati ya Cessna na Land Cruiser: spidi ya ndege siyo ishu, ishu ni mtikisiko na hewa

Mkuu, nilirudie kwanza swali lako kwa kifupi ili na wengine wafuate. Uko na timu inayohesabu wanyama kwa ndege ndogo, Cessna, chini kuna Land Cruiser inayowafuata kwa mbali na mnaweza kuachana hadi kilomita 30. Mnataka video ishuke live kutoka ndegeni hadi kwenye gari. Umesikia leza inabeba data nyingi kuliko redio na haidai kibali cha masafa, umesikia pia habari za Taara, ule mradi wa intaneti ya leza, pale Kinshasa na Brazzaville, na WiFi ya Starlink ndegeni, sasa unauliza mkinunua vifaa viwili, kimoja ndegeni kimoja juu ya gari, si itafanya kazi? Na je kwa vile ndege iko mwendoni, mwale hautakuwa unafika imeshapita?

Jibu la haraka: kuongea kwa leza na ndege inayoruka inawezekana na imeshafanyika, tena kwa ndege ya kivita. Ila kwa kazi yenu na mazingira yenu, hapana, na sababu siyo hiyo ya spidi unayoihofia.

Tuimalize hiyo ya spidi kwanza manake karibu kila mtu anaanzia hapo. Mwanga unakata kilomita 30 kwa sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Cessna yenu ikienda kilomita 180 kwa saa, yaani mita 50 kwa sekunde, kwa muda huo itakuwa imesogea nusu sentimita, basi. Hata kuifuata angani siyo kazi, ukiitazama kwa umbali huo inachukua kama sekunde 10 kuhama digrii moja tu, mota ya kawaida inaifuata bila jasho. Satelaiti ndiyo habari nyingine. Hizi za chini zinakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, ikiwa mbali nawe kilomita 1,000 basi tangu mwanga wake uondoke kuja kwako mpaka wako umfikie imeshasogea kama mita 50, kwahiyo huko inabidi ulenge mbele ya pale unapoiona. Kwa ndege hilo sahau kabisa.

Sasa tatizo lenyewe. Usiku chukua kile kitochi cha leza cha mkononi, elekeza ukuta wa nyumba ya pili, alafu jaribu kukatuliza kale kadoa. Hakatulii. Kanacheza hata ukiegemea mlango na kushika mkono kwa mkono mwingine, na hapo ukuta uko mita 40 tu. Ukisogeza ukuta hadi kilomita 30, kila kakutikisika ka mkono wako kanahesabika kwa makumi ya mita kule mwisho.

Utasema basi tuupanue mwale uwe mkubwa, ukicheza bado unampata. Sawa, lakini angalia hesabu. Tuseme mwale unapanuka hadi upana wa mita 6 ukifika kilomita 30, na kule kuna lenzi ya sentimita 10 inaupokea. Hiyo lenzi inakamata sehemu moja kati ya 3,600 ya mwanga uliotuma, na hapo hewa haijakula chake bado. Bado inatosha, kwa leza ya wati moja na kipokezi kizuri unapitisha gigabiti nzima kwa sekunde. Ukiupanua mara kumi, mita 60, unachopata kinapungua mara mia moja. Kwahiyo kila anayetengeneza hivi vitu anabanwa hapo hapo, mwale mwembamba unafika na nguvu ila haumpati mtu, mwale mpana unampata mtu ila umefika umechoka.

Sasa weka hiyo kwenye gari. Land Cruiser ikiingia kwenye shimo dogo tu ikaegama digrii moja, kule kilomita 30 mwale umehama mita 520 hivi. Una doa la mita 6, na limerushwa nusu kilomita kwa shimo ambalo dereva hata hakulipunguzia mwendo. Na siyo mara moja, ni muda wote, injini inatetemesha, matairi yanatetemesha, upepo unasukuma, na ndegeni nako kuna injini yake na yale mabonde ya hewa ya saa sita mchana. Hii ndiyo kazi ambayo pesa yote inaenda, wala siyo leza yenyewe, leza ni rahisi.

Wanaofanikiwa wanafanyaje? Ntakueleza hatua kwa hatua manake hapa ndipo pana utamu.

Kwanza pande zote mbili zinaambizana ziko wapi, na zinaambizana kwa redio! Hii watu wengi hawaijui. Ndege inatuma GPS yake kwa redio ndogo, gari nalo linatuma yake. Kujua mahali siyo shida, GPS ikikosea mita 5 kwa kilomita 30 hiyo ni ndogo kuliko hata doa lako. Shida ni kujua wewe mwenyewe umeelekea wapi. Sensa za bei rahisi za mwelekeo zinakosea digrii nzima, na ukikosea digrii moja kila upande huku doa lako ni la mita 6, una vipande kama 30,000 vya anga vya kupekua kimoja kimoja. Ukitoa hela ukapata sensa inayokosea sehemu ya kumi ya digrii, vipande vinabaki kama 300. Hapo ndipo bei inaanza kuuma.

Kisha upande mmoja unawasha mwale wa pili, mpana na usio na data yoyote, kazi yake ni kusema tu nipo hapa. Upande wa pili una kamera inayotafuta kadoa hako. Ikikaona, mota kubwa zinazungusha darubini nzima mpaka kadoa kako katikati ya picha, na wao wanawasha wa kwao kurudisha. Wakishaonana, kazi inahamia kwenye kioo kimoja kidogo sana, pengine ukubwa wa sarafu, kinachoweza kuinama mamia ya mara kwa sekunde. Mbele yake kuna kipokezi kilichogawanywa vipande vinne, mwanga ukizidi kipande cha kushoto, kioo kinainama kidogo kuusawazisha, ukizidi cha juu kinainama tena, hivyo hivyo bila kupumzika. Mota kubwa zinamaliza miyumbo mikubwa ya polepole, kioo kinamaliza vitetemeko. Hapo ndipo data inaanza kupita, na muda wote huo ile redio haizimwi, manake mwale ukipotea lazima kuwe na mtu wa kusema nimekupoteza tuanze upya.

Kwahiyo ukisikia mfumo wa leza usio na redio pembeni, uliza maswali.

Mfano ulio karibu zaidi na wenu ni wa Wajerumani. Mwaka 2013 shirika lao la anga, DLR, pamoja na kampuni ya Cassidian na kampuni ndogo iliyoitwa ViaLight, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Mynaric, walifunga kifaa kwenye ndege ya kivita ya Tornado wakarusha data hadi kituo cha chini, gigabiti 1.25 kwa sekunde, umbali wa kilomita 60, ndege ikiwa kwenye kilomita 800 kwa saa. Ni umbali mara mbili ya wenu na spidi zaidi ya mara nne. Ukisoma hiyo utasema mbona wewe unatuvunja moyo. Subiri.

Wafaransa walitangulia, Desemba 2006, mradi wa LOLA, ndege ya Mystère 20 iliongea kwa leza na satelaiti ya Artemis iliyokuwa mbali nayo karibu kilomita 40,000. Na mwaka 2024 NASA, kile kituo chao cha Glenn kule Cleveland, walirusha video ya 4K kutoka kwenye ndege ndogo ya Pilatus PC-12 ikiwa juu ya ziwa Erie. Ndege ikamulika chini kwenye kituo cha Cleveland, video ikapita mtandao wa ardhini hadi White Sands kule New Mexico, ikapanda kwa leza hadi kifaa cha LCRD kilicho kwenye satelaiti, ikashukia kituo cha anga cha kimataifa, na ikarudi. Zaidi ya megabiti 900 kwa sekunde. PC-12 siyo Tornado, ni ndege ya injini moja ya propela, ni jamii ya hizi zinazotua kwenye viwanja vya vumbi huku kwetu. Sasa angalia hizi mbili zilizoshusha data ardhini, Tornado na PC-12, zina nini ambacho nyinyi hamna: upande wa chini umesimama, hautembei, na mwale unapanda au unashuka, haulali juu ya ardhi.

Hilo la pili ndilo linalowaua nyinyi. Ndege ya kuhesabu wanyama inaruka chini sana, kama mita 100 kutoka ardhini, si ndiyo? Sasa ukiwa kilomita 30 na ndege iko mita 100, mwale wako haujafika hata robo digrii kutoka usawa wa ardhi, yaani umelala. Unapita kilomita zote 30 ndani ya ile hewa ya chini kabisa iliyochemka kwa jua, ile inayofanya lami ionekane kama ina maji kwa mbele saa nane mchana. Zile zinazocheza pale ni tabaka za hewa moto na hewa baridi zinapishana, na kila tabaka linapinda mwanga kidogo. Doa linavunjika vunjika, linawaka na kuzima, na kuzima kwenyewe kunaweza kuchukua milisekunde 10. Kwa jicho hicho siyo kitu. Kwa gigabiti moja kwa sekunde ni biti milioni 10 zimeenda na maji. Wanaojua wanazitawanya data ili kipande kilichopotea kiweze kujengwa upya kutoka kwa vilivyofika, inasaidia, ila kwa kilomita 30 za joto la savana mchana hata hiyo ina mwisho wake. Tornado ilikuwa juu ikitazama chini, mwale wake ulikata hewa mbaya kipande kifupi tu cha mwisho.

Alafu kuna mviringo wa dunia. Kifaa kilicho mita 3 juu ya ardhi tambarare, upeo wake ni kilomita 6 hivi, na ndege ya mita 100 upeo wake ni kama 36. Jumla 42, kwahiyo kilomita 30 kwenye karatasi mnaonana. Kwenye karatasi. Weka migunga, weka kakilima kamoja, ndege ikate kona ishuke kidogo, mmepoteana. Ndege mbili zilizo mita 10,000 zinaonana hadi kilomita 700 na hakuna mti huko, ndiyo maana nasema leza ni ya wakubwa wa juu, ukiniuliza mimi ardhini kwa vitu vinavyotembea haijapata kwao bado. Wajapani wamejaribu sana na treni, na treni angalau inajulikana itapita wapi.

Vumbi sasa. Ukungu ndio adui mkubwa wa leza, ule wa kuona mita 200 tu unapunguza mwanga mara zaidi ya milioni 300 kwa kila kilomita moja, hakuna leza itakayoshindana na hiyo. Mvua ina nafuu kidogo, matone ni makubwa na yameachana. Vumbi liko kati kati, inategemea linavyotimka, ila wewe gari lako ndilo linalolitimua na ukigeuza mwale kuelekea nyuma ya gari unaupitisha kwenye wingu lako mwenyewe. Na lenzi ya juu ya gari kwa siku moja ya kiangazi, hata usiniambie.

Kuhusu Taara, hapo nadhani ndipo ulipochanganywa, na siyo wewe tu. Ile ya Kinshasa na Brazzaville ni kweli kabisa na ni kazi nzuri, mto Congo ulikuwa unawalazimisha wapitishe faiba zaidi ya kilomita 400 kuzunguka ilhali miji inatazamana, wao wakapitisha mwale kilomita 4.8 juu ya maji, mwaka 2021 wakatangaza wamepitisha karibu terabaiti 700 ndani ya siku 20 na laini ilikuwa hewani asilimia 99.9 ya muda. Lakini vile vifaa vimefungwa juu ya milingoti na majengo! Vile vioo vyake vinapambana na mlingoti kuyumba kwa upepo, siyo na Land Cruiser kwenye barabara ya changarawe. Kinachochekesha ni kwamba teknolojia hiyo chimbuko lake ni Loon, yale maputo yaliyokuwa yakigawa intaneti Kenya mwaka 2020 na Telkom, kilomita 20 juu. Walikuwa wanataka maputo yaongee yenyewe kwa yenyewe kwa leza. Maputo yakafungwa 2021, leza ikashuka chini ikapata kazi.

Na kwa kuwa umetaja WiFi ya Starlink ndegeni: kutoka kwenye ndege kwenda juu ile ni redio, ile sahani bapa iliyo juu ya bodi. Leza ziko kati ya satelaiti na satelaiti, ambako hakuna hewa wala vumbi.

Kitu kimoja zaidi utakutana nacho ukianza kusoma, kuna njia ya ujanja ambapo upande mmoja tu ndio unabeba leza. Upande wa pili unabeba kioo cha kona, kile ambacho ukikimulika kutoka popote kinarudisha mwanga pale pale ulikotoka, na mbele yake kuna kitu kinachofungua na kufunga mwanga kuandika data. Maabara ya jeshi la majini la Marekani, NRL, waliifanyia kazi sana, hata kwenye droni ndogo. Kwa ndege yenu ingependeza kwa sababu haina cha kulenga, ni nyepesi, haili umeme. Lakini mwanga unasafiri kwenda na kurudi, ukiongeza umbali mara mbili unachopata kinapungua mara 16, kwahiyo ni ya kilomita chache. Thelathini sahau.

Kabla sijafika kwenye mnachotakiwa kufanya, nikukanye kitu. Usije ukachukua leza yoyote ukaanza kuielekezea ndege ikiwa hewani kwa majaribio, hata kama rubani ni rafiki yako. Kumulika ndege ni kosa la jinai nchi nyingi, Marekani ni hadi miaka 5 jela, na ile ya kijani au nyekundu inampofusha rubani wakati anahitaji macho kuliko wakati wowote. Mifumo ya kweli inatumia mwanga usioonekana wa nanomita 1550, ule ule wa kwenye faiba, na moja ya sababu ni kwamba maji ya mbele ya jicho yanaumeza kabla haujafika kwenye retina. Lakini hiyo haimaanishi ni salama kwa nguvu yoyote, wati za kutosha zinachoma sehemu ya mbele ya jicho, na kwa kuwa hauonekani hutapepesa. Mamlaka ya anga lazima wajue, hiyo kutokudai kibali cha masafa siyo kutokudai kibali cha mtu yeyote.

Haya, mfanye nini. Kwanza jiulize video ya live ni ya nini. Video nzuri ya HD ikibanwa vizuri ni megabiti 5 hadi 8 kwa sekunde, hiyo hata haikaribii kumhitaji leza, ni kazi ya redio. Chukua redio ya kidijitali inayotengenezwa kwa kurusha video kutoka hewani, ndegeni weka antena inayosambaza pande zote, chini weka antena ya kulenga kwenye mota inayofuata GPS ya ndege. Mwale wa redio wa antena ya kawaida una upana wa digrii 10 au zaidi, kwahiyo lile shimo la digrii moja lililotupa leza nusu kilomita, redio haijui hata kama limetokea. Masafa uliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kabla ya kununua, siyo baada.

La pili, msiweke kipokezi kwenye gari. Kiwekeni juu ya kilima au mnara ulio karibu na eneo la kazi, kitulie, alafu kutoka pale gari lichukue kwa WiFi ya masafa marefu. Ile hesabu ya upeo inabadilika kabisa ukiwa mita 60 juu, badala ya kilomita 6 unapata karibu 28 za upande wako peke yake. Hapo ndege hata ikishuka nyuma ya miti unakuwa na nafasi.

La tatu, na hili najua hamtalipenda: picha kamili zibaki kwenye diski ndani ya ndege, mzichukue ikitua. Wanaohesabu wanahitaji picha safi kuliko wanavyohitaji picha ya sasa hivi. Kinachoshuka live kiwe video ndogo ya kumwonyesha mtu wa chini kwamba kamera inafanya kazi na haijajaa vumbi, pamoja na GPS.

Na kama leza imekuingia damuni tu, hilo nalielewa, anza na vitu viwili vilivyosimama. Kuna mradi wa wazi wa Wacheki unaitwa RONJA, wa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, hata siyo leza ni LED nyekundu na lenzi, megabiti 10 kwenda na kurudi kwa kilomita 1.4, michoro yote iko bure. Funga kimoja kwako kingine kwa jamaa yako mnayeonana. Usifunge kwenye bati, funga kwenye ukuta wa tofali au nguzo ya zege, bati likipata jua la saa nne linatanuka na doa lako linaondoka polepole bila wewe kugusa kitu, utahangaika kubadilisha waya wakati waya haina kosa. Ukishaweza kuishikilia hiyo wiki nzima mvua na jua, niandikie tena tuongelee vioo.